Lengo Lililoandikwa

Vijana wetu wa Busasamana,

Mpaka wa Kongo u karibu nasi, na mfanya magendo ana lengo lake: anatafuta kijana wa kumbebea mzigo usiku. Asiye na lengo lake hutumikia la mwenzake.

Tunawaomba mwandike mambo manne: ninataka nini, kwa gharama gani, kufikia tarehe ipi, na wiki hii ninaanza na nini. Faranga 500 zikiwekwa kila wiki katika Umurenge SACCO, baada ya wiki 52 ni faranga 26,000, mwanzo wa mtaji wa mbegu za viazi. Mwonyesheni mzazi karatasi hiyo, naye awaulize kila mwezi. Mkiitwa kubeba magendo, kataeni, mtuarifu kwa namba 112.

Tutakaporudi tutaomba kuona karatasi.