Maikrofoni Shingoni mwa Mwingine: Kusikia Bila Waya



Wapo watu miongoni mwetu wanaovaa vile vifaa vidogo vya kusaidia kusikia, ambavyo Tanzania huitwa shimesikio, na bado wanatoka darasani, mkutanini au katika nyumba ya ibada bila kujua kilichosemwa. Wengi wao hudhani kwamba kifaa ni kibovu, au kwamba masikio yao yamefika mwisho. Mara nyingi si hivyo. Kipo chombo cha pili ambacho hawajaambiwa habari zake: maikrofoni ndogo isiyo na waya, inayovaliwa na msemaji, na ambayo hurusha sauti yake moja kwa moja hadi kwenye shimesikio ya msikilizaji. Leo tutaeleza jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, kinavyotayarishwa na kinavyotumiwa. Tutaeleza pia kwa nini ugumu wake mkubwa haumo katika mitambo, bali katika kufungua mdomo na kuomba.

Mazungumzo haya yanakujia kutoka Skärholmen, kitongoji cha kusini-magharibi mwa Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Treni ya chini ya ardhi ilifika hapa mwaka 1967, na mwaka 1968 likafunguliwa eneo kubwa la maduka. Katika uwanja wake kuna soko la matunda na mboga, ambako wauzaji hunadi bidhaa kwa sauti, na lugha za dunia nzima hupishana. Ukitega sikio utakisikia hata Kiswahili, cha Kongo au Burundi, cha Kenya au Tanzania. Ni mahali palipochangamka. Lakini kwa mwenye usikivu hafifu, pahala kama hapa ni ukuta wa kelele.

Mama mmoja mtu mzima anayeishi hapa, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, alinisimulia jinsi alivyoliacha darasa la Kiswidi. Waliomzunguka walidhani kwamba umri umemfanya mzito wa kushika lugha, na yeye mwenyewe alianza kuamini hivyo. Alipopimwa ikaonekana kwamba usikivu wake umepungua masikio yote mawili. Akapewa shimesikio, akarudi darasani kwa furaha, na furaha hiyo haikudumu. Viti vilivyoburutwa alivisikia, kikohozi cha jirani alikisikia, ila maneno ya mwalimu yalimfikia yamevurugika. Kwa mtu anayejifunza lugha ngeni, hilo ni pigo kubwa. Katika lugha ya mama, ukikosa neno moja, akili hulijaza pengo. Katika lugha usiyoijua, pengo hubaki pengo.

Je, msikilizaji, sababu ni nini? Sababu ni umbali.

Sisi tunaofanya kazi ya redio hufundishwa jambo hili mapema: maikrofoni haina budi kuwa karibu na mdomo. Katika mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli zipatazo 6. Tuseme mdomo uko sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni. Ukiisogeza hadi mita 3 na sentimita 20, umbali umeongezeka maradufu mara nne, na sauti imepungua kwa desibeli zipatazo 24. Ndani ya chumba, mwangwi wa kuta hurudisha sehemu ya nguvu hiyo, lakini huirudisha ikiwa imechelewa na kuchafuka. Wakati huo huo, kelele za jirani hazijapungua hata kidogo.

Maikrofoni ya shimesikio iko sikioni, si mdomoni mwa msemaji. Hukuza kile kinachoifikia, na ijapokuwa vifaa vya siku hizi vinajitahidi kutenganisha maneno na kelele, uwezo wao una mpaka. Mtu akiwa mita moja au mbili mbele yako, vinafaa sana. Akiwa upande wa pili wa ukumbi, vinashindwa. Maikrofoni isiyo na waya haiongezi nguvu ya sikio. Kazi yake ni kuufuta umbali, kana kwamba msemaji amekuja kukunong'oneza.

Wazo hili si geni. Mwaka 1937 Joseph Poliakoff alipewa hataza nchini Uingereza ya mfumo wa kupeleka sauti kwa njia ya sumaku. Waya huzungushwa ukumbini, na koili ndogo iliyomo ndani ya kifaa cha msikilizaji huipokea sauti hiyo. Hapa Sweden mfumo huo huitwa hörslinga, nao umewekwa katika kumbi nyingi za umma. Ukiona mlangoni alama ya sikio pamoja na herufi T, ujue upo. Baadaye yakaja mawimbi ya FM, yaliyotumiwa sana mashuleni, kisha mifumo ya kidijitali. Mwaka 2013 kampuni ya Phonak ya Uswisi ilianza kuuza mfumo wake uitwao Roger, unaotumia masafa ya gigahezi 2.4. Mwaka 2022 ilitangazwa njia mpya ya Bluetooth iitwayo Auracast, inayowezesha chombo kimoja kurusha sauti kwa wasikilizaji wengi kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye matayarisho.

Jambo la kwanza ni kujua shimesikio yako inapokea sauti kwa njia gani. Njia ziko tatu. Kuna inayopokea kwa koili, na hapo utavaa shingoni kitanzi chenye kipokezi, nacho kitaipeleka sauti kwenye koili hiyo. Kuna iliyo na kipokezi ndani yake au iliyopachikwa kipokezi kidogo. Na kuna inayopokea kwa Bluetooth. Usinunue maikrofoni kabla ya kulijua jambo hili, kwani chombo cha kampuni moja aghalabu hakisikilizani na cha nyingine. Angalia pia kwamba shimesikio ndogo sana, zile zinazojificha ndani ya tundu la sikio, mara nyingi hazina koili.

Jambo la pili ni kumwona mtaalamu wa usikivu, ambaye kwa Kiswidi huitwa audionom. Muulize kama shimesikio yako ina koili, kwa Kiswidi telespole. Kama ipo, mwombe aifungulie programu yake, maana mara nyingi koili imo lakini imelala, haijawahi kuwashwa. Unapopanga miadi, sema mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Na kama umeajiriwa hapa Sweden, uliza pia kuhusu vifaa vya kazini, kwani shirika la bima ya jamii, Försäkringskassan, lina msaada wa fedha kwa ajili hiyo.

Jambo la tatu ni kuvifahamisha vyombo viwili. Chaji maikrofoni na kipokezi usiku kucha. Asubuhi viwashe, viweke karibu karibu, na ubonyeze kitufe cha kuunganisha kama kijitabu cha maelekezo kinavyosema. Kwa kawaida kazi hii hufanywa mara moja tu, na baada ya hapo vyombo hukumbukana.

Jambo la nne ni kujaribu nyumbani kabla ya kwenda mbele za watu. Mpe mjukuu maikrofoni, aende chumba cha pili asome kitabu kwa sauti ya kawaida. Kisha fungua redio karibu yako, naye aendelee kusoma. Ukiyapata maneno yake, uko tayari. Ukisikia mikwaruzo, angalia betri, angalia kama kipokezi kimekaa sawasawa, na rudisha programu ya shimesikio mahali pake.

Katika matumizi, kanuni kubwa ni moja: maikrofoni ikae shubiri moja chini ya kidevu, katikati ya kifua, ikitazama juu mdomoni. Isifunikwe na mtandio wala kugusana na mkufu, kwa sababu kila msuguano utakufikia kama radi. Ndani ya jengo, vyombo vingi hufika mita 10 hadi 20, ila kuta nene hupunguza umbali huo. Darasani, wanafunzi wakichangia, maikrofoni ipitishwe mkono kwa mkono, au mwalimu arudie swali kabla ya kulijibu. Mwalimu akitoka nje, au akizungumza faragha na mwanafunzi mwingine, azime. La sivyo utasikia mambo yasiyokuhusu.

Na palipo na mkalimani, msikilizaji, tafakari: unamhitaji kumsikia nani? Kama daktari anasema Kiswidi na mkalimani anakuletea Kiswahili, maikrofoni ivaliwe na mkalimani. Watu wengi humvisha daktari kwa heshima ya cheo chake, kisha mgonjwa akaondoka na maneno ya Kiswidi yaliyo safi kabisa, asiyoyaelewa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Miwani huvaliwa na mtu mmoja, na fimbo hushikwa na mtu mmoja. Chombo hiki kinahitaji watu wawili: nusu yake iko kwako, na nusu yake iko shingoni mwa mwingine. Hakuna fundi awezaye kukuunganishia nusu hiyo ya pili. Ni lazima uiombe.

Kwetu sisi, kuomba huko si jambo jepesi. Neno kiziwi limetumiwa mno kama tusi, hata mtu mzima huona afadhali kutikisa kichwa na kuitikia asilolisikia kuliko kusema ukweli. Aidha, kumwendea mwalimu, padri au shehe na kumtaka avae kidude shingoni huonekana kama utovu wa adabu. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeitikia bila kusikia huitikia hata dawa asiyoielewa, hata karatasi asiyojua inamfunga kwa lipi.

Kuomba kuna namna yake. Usimsubiri msemaji aanze, mwendee kabla. Msalimu kwa salamu inayomstahili, kisha sema kwa maneno machache: Mwalimu, usikivu wangu ni hafifu. Naomba uvae maikrofoni hii. Hairekodi chochote, inaleta sauti yako masikioni mwangu tu. Maneno hayo ya kwamba hairekodi ni muhimu, kwa sababu watu wengi huogopa kunaswa sauti zao. Kwa mzee unayemwonea haya, mtume mtu wa karibu yake. Na ukishamaliza, mshukuru, uichukue mwenyewe. Akiona kwamba haikumsumbua, mara ya pili ataiulizia yeye.

Yule mama wa Kivu aliirudia shule. Ilimchukua majuma kadhaa kulisema ombi lake, akalisema kupitia kwa bintiye. Sarufi ya Kiswidi haikuwa rahisi kwa sababu hiyo, na kichwa bado humwuma jioni, ingawa si kama zamani. Lakini sasa akikosea anajua kwamba amekosea neno, si kwamba hakulisikia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mwanafunzi na mtu aliyekaa darasani.

Jambo hili haliwahusu walioko Ulaya pekee. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Wengi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Afrika Mashariki haikukaa bure: mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto. Hata hivyo, mtoto aliyepandikizwa kifaa, akikaa katika darasa la wanafunzi wengi chini ya paa la bati, hupambana na umbali ule ule.

Kwa hiyo wewe uliye ughaibuni na unayetaka kumpelekea mzazi chombo cha namna hii, zingatia haya. Uliza kwanza shimesikio yake ni ya aina gani. Chagua mfumo wa gigahezi 2.4, kwa kuwa masafa hayo hutumika karibu kote duniani, ilhali mifumo ya zamani ya FM hutumia masafa yanayotofautiana nchi na nchi. Chagua kinachochajiwa kwa waya kama wa simu. Na kama mzazi yuko Tanga, Mombasa au Bujumbura, penye joto na unyevu, weka ndani ya kifurushi kikopo chenye vidonge vya kunyonya maji, na mwambie avifute vyombo vyake jasho kila jioni.

Neno la mwisho ni kwa wale wasio na tatizo hili. Siku moja mtu atakujia na kidude mkononi, kwa sauti ya chini, akuombe ukivae. Usimwambie kwamba sauti yako ni kubwa na inatosha, maana si ukubwa wa sauti anaouhitaji. Kivae, ukiweke shubiri moja chini ya kidevu, uzungumze kama kawaida.

Na kama ni wewe mwenye usikivu hafifu, jua kwamba maikrofoni nyingi za aina hii zina tundu la kuunganisha waya. Ukiuchomeka katika redio yako, pale panapochomekwa vidude vya masikioni, basi juma lijalo sauti yangu nayo itakufikia bila umbali. Hadi wakati huo, nakutakia usikivu mwema. Kwaheri.