Haki ya Jimbo na Haki ya Mtu



Msikilizaji mmoja wa Mahoko, wilayani Rubavu, ametuandikia akiuliza kama ni kweli kwamba majimbo ya kusini ya Marekani, yalipojitenga mwaka 1860 na 1861, yalikuwa yakitetea haki za majimbo tu, wala si utumwa. Hoja hiyo ni ya zamani, na walioitunga walikuwa na sababu zao.

Tuitazame sheria ya mwaka 1850. Kwa sheria hiyo serikali kuu ya Marekani iliamuru watumwa waliotorokea kaskazini wakamatwe na kurudishwa kwa mabwana zao, na raia wa kawaida waliweza kulazimishwa kusaidia kuwakamata. Aliyedaiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa hata kutoa ushahidi juu ya nafsi yake mwenyewe. Jimbo la Wisconsin lilipinga. Mwaka 1854 mahakama yake ya juu ilitamka kwamba sheria hiyo ni batili. Je, watetezi wa haki za majimbo waliishangilia Wisconsin? La hasha! Mahakama Kuu ya Marekani ilipoitengua hukumu hiyo mwaka 1859, wao ndio walioridhika. Na South Carolina ilipotangaza kujitenga mwezi Desemba 1860, moja ya malalamiko yake makubwa lilikuwa kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kurudisha watoro. Yaani jimbo lilikuwa na haki pale lilipomfunga mtu; lilipotaka kumfungua, haki hiyo haikuonekana tena.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo peke yake. Hapa Rwanda, uburetwa haukuwa utumwa wa kuuzwa na kununuliwa. Hata hivyo mkulima aliyemfanyia chifu kazi bila ujira aliambiwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya nchi, na utawala wa Kibelgiji ukaitia desturi hiyo katika kanuni zake. Mkulima mwenyewe hakuulizwa.

Huko pwani, ambako watu waliuzwa kweli, hoja ilivaa kanzu nyingine. Mwaka 1895, Uingereza ilipochukua utawala wa ukanda wa pwani ya Kenya uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, mwakilishi wake, Arthur Hardinge, aliwaahidi watu wa Mombasa kwamba dini na desturi zao zitaheshimiwa. Ahadi njema, mtu atasema. Lakini ilishikwa kuwa kisingizio cha kuuacha utumwa ukiendelea, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani hiyo hadi mwaka 1907.

Zanzibar ilitangulia. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akishinikizwa na Waingereza, alitoa amri ya kuiondoa hadhi hiyo. Lakini amri haikumfungua mtu yeyote palepale. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, naye anajua kwamba jioni atarudi kulala katika shamba la bwana wake. Bwana aliyethibitisha umiliki wake aliweza kulipwa fidia. Aliyetumikishwa miaka yote hakulipwa hata pesa moja. Tena aliyepewa uhuru alitakiwa kuonyesha makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji.

Na masuria je? Hao waliwekwa kando, kwa hoja kwamba ni watu wa nyumbani mwa bwana na kwamba serikali haipaswi kuingilia nyumba. Isipokuwa aliyethibitisha kuwa ametendewa ukatili, suria hakuweza kudai uhuru wake. Walingoja hadi mwaka 1909.