Shilingi ya Kuziba Ufa



Tunapodai mageuzi huzungumzia kura na katiba, na ndivyo ipasavyo. Leo nawaomba tuzungumzie kokoto na lami, kwa maana katika mgao wa fedha za barabara serikali huonyesha inamthamini nani.

Fedha hizo huwa na mafungu makuu mawili: ujenzi wa barabara mpya, na matengenezo ya zilizopo. Ujenzi una sherehe, utepe na jiwe lenye jina la mkubwa. Kuzibua mtaro hakuna sherehe. Ndiyo sababu fungu la matengenezo lilihitaji ulinzi wa sheria.

Ulinzi huo uliwekwa mwaka wa 1993, Bunge lilipotunga sheria ya ushuru wa matengenezo ya barabara, unaotozwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka wa 1999 ikatungwa sheria ya kuunda Bodi ya Barabara ili isimamie fedha hizo. Baada ya marekebisho ya mwaka wa 2007, asilimia 40 zilitengewa barabara kuu, 32 za mashambani na 15 za mijini. Katika hizo 32, asilimia 22 ziligawanywa sawa kwa kila eneo bunge. Hivyo North Horr, lenye maelfu ya kilomita za mraba, likapata sawa na Mathare, ambalo mtu hulivuka kwa miguu. Hesabu ilikuwa sawa; haki haikuwa sawa.

Liko jambo zito zaidi. Mwaka wa 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka wa 2025 serikali ikaziweka rehani shilingi 7 katika hizo 25, ipate takriban shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi wa miradi iliyokwama. Mtenda kazi anastahili ujira wake. Sibishani na hilo. Nauliza tu: fedha za ukarabati zikilipa madeni ya miradi, shimo litazibwa na nani? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunauza udongo wa kuzibia ufa ili tulipe deni la ukuta. Na mlipaji ni pia mama apelekaye nyanya sokoni, maana ushuru huo umo ndani ya nauli yake.

Hatukosi silaha. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 chadai uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi kila parokia na iteue watu watatu waandike barua kuuliza: ni barabara zipi zimetengewa fedha mwaka huu, ngapi za ujenzi, ngapi za matengenezo, na mkandarasi ni nani? Majibu yabandikwe kwenye mlango wa kanisa. Wakinyimwa majibu, nalo libandikwe.

Katika Injili ya Luka, wakili aliitwa atoe hesabu ya mali isiyo yake. Wenye mali hii ni sisi. Tuitishe hesabu.