Zamu ya Kusimama Konani

Somo: Mhubiri 4:9–12

Sauti yetu yawafikia asubuhi hii kwa mawimbi ya redio yasiyoonekana kwa macho. Yapita juu ya milima na mashamba, yaingia nyumbani mwenu, wala hakuna waya unaotuunganisha sisi na ninyi. Leo twataka kuzungumza juu ya kazi nyingine ya mawimbi hayo. Ni kazi ya mchezo, lakini ndani ya mchezo huo tumeona jambo zito.

Kuna motokaa ndogo zinazoongozwa kwa redio. Wengi wenu mmewaona watoto wetu wakitengeneza motokaa za waya, wakazisukuma njiani kwa fimbo ndefu yenye usukani juu yake. Hizi tunazozisema ni ndugu za zile, ila hazina fimbo. Mwenye motokaa husimama mbali, ameshika kisanduku chenye usukani mdogo. Akiuzungusha, wimbi la redio hupeleka amri mpaka kwenye motokaa, na magurudumu yakageuka.

Si jambo la jana. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo aliyoiongoza majini kwa redio, nao wakastaajabu. Motokaa zilifuata baadaye sana. Mwaka 1967 washindani wa Marekani waliunda chama chao, na mwaka 1979 kikaundwa chama cha dunia. Mwaka 1985 mashindano ya dunia ya motokaa hizi za umeme zipitazo njia za vumbi na matuta yalifanyika Del Mar, California, na mwaka 1987 yakafanyika Romsey, Uingereza. Siku hizi wazee kwa vijana, mafundi na walimu, hukutana mwisho wa juma kushindana.

Wala msidhani ni vitu vya kuchezea sebuleni. Motokaa ya mashindano, iliyo kipimo cha moja ya kumi ya motokaa ya kweli, ina urefu wa kama sentimita 40 na uzito wa kama kilo moja na nusu. Katika njia iliyonyoka yaweza kupita kilomita 50 kwa saa. Betri yake ina nguvu nyingi hata huchajiwa ndani ya mfuko usioshika moto, maana isipotunzwa yaweza kuwaka.

Miaka michache iliyopita, tulipokuwa Uingereza kwa masomo ya theolojia, sisi wachungaji wawili tulialikwa na mzee mmoja wa kanisa kwenda naye katika mashindano hayo. Yeye na binti yake wa miaka 15 walikuwa washindani wa siku nyingi. Alituazima motokaa zake mbili za zamani, akatuandikisha pamoja nao. Ijumaa alasiri tulifanya mazoezi, na Jumamosi mchana kutwa ndiyo mashindano yenyewe.

Jambo la kwanza tulilofundishwa ni hili. Motokaa inapokwenda mbele ikikupa mgongo, kulia kwako ndiko kulia kwake. Lakini ikigeuka na kukujia, kulia kwako ni kushoto kwake. Mgeni hapo huchanganyikiwa. Yule binti alituambia kwamba dawa yake ni moja tu: usiiongoze kutoka hapo uliposimama, bali fikiri kwamba umeketi ndani yake, ukiiangalia njia kwa macho ya aliye ndani. Tulikaa na neno hilo jioni nzima. Mara ngapi twamhukumu jirani kutoka hapa tuliposimama, na kulia kwetu ni kushoto kwake!

Sasa sikilizeni jinsi mashindano yanavyokwenda. Washindani hugawanywa kwa zamu, watu kama 10 kila zamu. Hupanda jukwaa refu ili waione njia yote, na motokaa zao hukimbia kwa dakika 5. Kila motokaa imebeba chombo kidogo, na chini ya njia umezikwa waya. Motokaa ikipita juu ya waya huo, mtambo huhesabu mzunguko na kuandika saa yake mpaka sehemu ndogo za sekunde. Hakuna kubishana. Baada ya duru kadhaa, wale 10 walio bora huingia katika fainali kubwa, na wengine katika fainali za chini.

Zamu yetu ya kwanza ilipokwisha, tulikuwa na kiu ya chai. Tukaambiwa, bado. Kila aliyemaliza kuendesha hushuka jukwaani, huweka motokaa yake mahali salama, kisha huenda moja kwa moja kusimama kwenye kona iliyoandikwa namba yake. Atasimama hapo dakika zote za zamu inayofuata, awe amefanya vizuri au vibaya. Kazi yake ni kuinua motokaa za wengine zinapopinduka.

Kwa maana motokaa ile, ndugu zangu, ikilala chali haiwezi kujiinua. Mwenyewe yuko juu ya jukwaa mbali, wala haruhusiwi kushuka. Atazungusha usukani wake, atavuta kwa kidole, na magurudumu yatazunguka hewani bure. Masami Hirosaka wa Japani alipata ubingwa wa dunia mara 14, lakini hata bingwa kama huyo, motokaa yake ikipinduka, hana la kufanya ila kungoja mkono wa mwingine. Na mkono huo ni wa mshindani mwenzake.

Sisi watu wa Kenya twaujua msaada wa njiani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na mwaka 2021 yalirudi katika ubingwa wa dunia kule Naivasha. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, na mvua ikinyesha, wanavijiji walitoka kuzisukuma motokaa zilizokwama. Wakarushiwa matope na magurudumu, na dereva akaenda zake. Ni wema wa kweli. Lakini mwanavijiji yule hashindani na dereva. Pale konani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu unayemwinua huenda ndiye atakayekushinda.

Jumamosi ile tuliliona jambo hilo kwa macho yetu. Ilikuwa duru ya mwisho kabla ya fainali. Yule binti alikuwa amekwisha kuendesha, na jina lake lilikuwa la 10 katika orodha. Nafasi ya 10 ndiyo ya mwisho kuingia fainali kubwa, na hakuwahi kuipata tangu aanze. Akashuka, akaenda konani kwake. Katika zamu iliyofuata alikuwamo mzee mmoja, naye alikuwa wa 11, nyuma yake kidogo tu.

Dakika ya nne, motokaa ya mzee yule iliruka tuta, ikaanguka chali, hatua tatu kutoka miguu ya binti. Sisi tulikuwa kando ya uzio na baba yake. Hakuna aliyesema neno. Binti angeweza kufunga kwanza kamba ya kiatu. Angeweza kutazama kushoto na kulia mara mbili badala ya mara moja. Sekunde mbili zilitosha, na hakuna mwamuzi ambaye angemwandikia kosa.

Alitazama njia mara moja, akakimbia, akaiinua, akaiweka juu ya magurudumu ikielekea inakotakiwa kwenda, akarudi mahali pake. Motokaa ikaondoka kwa kasi. Orodha ilipobandikwa, mzee alikuwa wa 10 na binti alikuwa wa 11, kwa tofauti ya pointi moja. Baba yake aliisoma, akamshika begani, akamwambia tu, "Ndiyo kazi ya kona." Wakaenda pamoja kuchaji betri kwa ajili ya fainali ya pili. Mzee yule, alivyokuwa akiitazama motokaa yake tu, sidhani kama alijua ni nani aliyemwinua.

Wapendwa, hebu tufikiri pamoja. Mhubiri katika sura ya 4 atuonyesha huzuni ya mtu anayeanguka akiwa peke yake, pasipo wa kumwinua. Twalisoma somo hilo katika arusi, tukifikiri ni la mume na mke tu. Lakini ni la kila aliye safarini, na zaidi sana ni la sisi tunaojiita jamaa moja.

Twapenda sana zamu yetu ya kuendesha. Mtu akiwa na arusi ya mwanawe, huita kamati, na jirani wote huja, hutoa fedha, hupika, hubeba viti. Arusi ikiisha, naye haonekani tena katika kamati ya mwingine. Mwingine alipofiwa, watu walikesha kwake usiku saba. Jirani akifiwa, yeye hutuma salamu tu. Mzazi ambaye mtoto wake amemaliza shule haji tena katika mkutano wa wazazi, ingawa ndiye ajuaye vema shida za shule ile. Tumeendesha zamu yetu, tukashuka, tukaenda kunywa chai, na kona iko tupu. Motokaa za wenzetu zimelala chali, magurudumu yazunguka hewani.

Na liko jambo lililofichika zaidi, nalo ni zile sekunde mbili. Si kukataa kusaidia. Ni kuchelewa kidogo kwa makusudi, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona. Twasikia habari ya kazi inayomfaa kijana wa jirani, na tarehe ya mwisho ni Ijumaa. Twamwambia Jumatatu, "Kumbe hukusikia?" Karani ana faili ya mtu asiyempenda. Haikatai, ila huiweka chini ya nyingine. Mfanyabiashara aulizwa na mwenzake bei ya bidhaa mjini, naye ajibu kwa mafumbo. Kwaya moja yajua kwamba kwaya nyingine imekosa mpiga ngoma, nayo yangoja mpaka mashindano yaishe ndipo itoe pole. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hakuna mwamuzi wa kuandika. Lakini moyo wajua, na Mungu ajua.

Yafaa tujifunze desturi za kona, maana ni chache na ni njema.

Kwanza, simama kwenye namba yako. Usiende kona ya rafiki ili umwinue yeye tu. Anayepinduka mbele yako ndiye wako, kama vile yule aliyejeruhiwa katika njia ya Yeriko alivyokuwa wa kila aliyepita pale, ingawa si wote waliosimama.

Pili, tazama njia kabla ya kuingia. Motokaa ya kasi ile yaweza kukuumiza mguu, na mtu aingiaye ovyo huziangusha nyingine tatu akiinua moja. Kusaidia pia kunataka akili.

Tatu, inua, uiweke sawasawa, kisha uiachilie. Usiishike kuitazama, wala usianze kumfundisha mwenyewe jinsi ya kuendesha. Wako wasaidizi ambao, wakisha kukuinua, hawakuachi uende. Wanataka kijiji kizima kijue ni mkono wa nani.

Nne, usingoje asante. Aliye jukwaani haoni uso wako. Anaona tu kwamba motokaa yake imesimama tena, na hiyo yatosha.

Tena, sikieni sheria hii, ambayo vilabu vingi huishika sana: asiyesimama konani hunyang'anywa matokeo ya duru yake iliyo bora. Waungwana wale wamejua kwamba kona si nyongeza ya mashindano. Bila kona hakuna mashindano. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya wapigao mbio, alitaka wakimbie kwa bidii, nasi twataka vivyo hivyo. Lakini mtu akimaliza mbio zake na kuwaacha wenzake chini, hayo aliyoyamaliza ni nini?

Na aliyeshuka jukwaani sasa hivi ndiye afaaye zaidi kusimama. Mikono yake ingali yatetemeka. Ajua jinsi sekunde tano zilivyo ndefu kwa mtu aliyepinduka. Mjane wa mwaka jana ajua neno la kumwambia mjane wa leo. Aliyewahi kukosa karo ajua haya ya mzazi anayekosa karo. Ujuzi huo hatukupewa ili tuende nao kunywa chai.

Jumapili yake tulikuwa kanisani na jamaa ile. Ibada ilipokwisha, tulimwona binti akikusanya vitabu vya nyimbo vilivyoachwa juu ya viti. Katika fainali ya pili alikuwa amemaliza wa tatu, na alilisema jambo hilo kwa furaha.

Ndugu msikilizaji, zamu yako ya juma lililopita imekwisha, iwe ilikuwa njema au mbaya. Leo kona yako ni ipi? Ni nani amelala chali hatua tatu kutoka miguu yako? Kabla jua halijachwa, nenda.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyetuinua mara nyingi kwa mikono tusiyoijua, utupe miguu myepesi kwa ajili ya wenzetu. Utuondolee uzito wa wivu na kuchelewa kwa hila. Utufanye waaminifu mahali tuliposimamishwa, hata kama hakuna anayeona. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.