Pampu Haivuti Maji

Wasikilizaji wetu, wengi hudhani kwamba pampu ya gurudumu huvuta maji. Sivyo. Gurudumu huyatupa maji nje. Ndani hubaki utupu, na uzito wa hewa iliyo juu ya kisima huyasukuma mengine yapande. Uzito huo una mpaka wake: pwani hauyapandishi kupita mita 10 hivi, na Nairobi, kwenye nchi ya juu, mita 8 tu, nao msuguano ndani ya bomba huzipunguza hizo.

Bomba la kutolea likiwa jembamba, hasara ni mafuta. La kuingizia likiwa jembamba, mapovu ya mvuke hula chuma cha gurudumu, pampu ikafa na bustani ikakauka. Basi bomba hilo tulinunue fupi, tena pana kuliko mdomo wa pampu.