Kumtuma Jirani Siku ya Sabato

Wekeni kalamu chini kwanza. Kazi ya kuandika itakuja mwishoni.

Tuseme umepata mgeni, naye ni Myahudi. Jua limetua siku ya Ijumaa. Kwa Wayahudi siku huanza jioni, kwa hiyo Sabato yake imeanza sasa, na itakwisha kesho usiku nyota zikionekana. Katika muda huo hawashi moto, hakamui ng'ombe, hashoni wala halimi. Je, aweza kukuambia wewe, usiyefungwa na sheria hiyo, "Ndugu yangu, niwashie taa"?

Msidhani jambo hili ni la nchi za mbali tu. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya. Semei Kakungulu, shujaa wa vita wa Kiganda, aliingia katika dini hiyo mwaka 1919, akafa mwaka 1928, na watu wake wakaishika. Wakati wa Idi Amin walipigwa marufuku, na baada ya 1979 wakaabudu tena waziwazi. Majirani zao ni Wakristo na Waislamu, watu ambao Jumamosi hukoka moto kama kawaida.

Haya, jibu. Wengi wangesema, "Kwani kuna ubaya gani? Anayewasha si yeye." Walimu wa Kiyahudi wa zamani walikataa. Walisema kazi usiyoruhusiwa kuifanya kwa mkono wako, usimwagize mtu mwingine akufanyie. Maimonides, mwanachuoni na tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, alieleza sababu: watu wasije wakaiona Sabato kuwa kitu chepesi, mwisho wakazifanya kazi hizo wenyewe. Kwa maoni yangu hapa walimu hao waliona mbali. Maana mwenye watumishi wengi angeweza kukaa kitini akatoa amri kutwa nzima, shamba likalimwa, naye akajisifu kwamba amepumzika. Tena amri yenyewe ya Sabato, katika Taurati, inamtaja mtumishi wa nyumbani, na hata mnyama, kwamba nao wapumzike.

Sasa tazameni taa iliyo mbele yenu. Mishnah, kitabu cha sheria kilichokusanywa yapata mwaka 200, chasema hivi: asiye Myahudi akiwasha taa kwa haja yake mwenyewe, Myahudi aweza kutumia mwanga wake. Akiwasha kwa ajili ya Myahudi, hapana. Kinasimulia pia habari za Gamliel na wazee waliokuwa katika jahazi. Mtu asiye Myahudi aliweka ngazi ya kushukia, akashuka, nao wakashuka kwa ngazi ile ile. Je, utajuaje aliyewasha alimkusudia nani? Wanasheria waliangalia idadi: kama wengi waliomo si Wayahudi, taa yahesabiwa kuwa ni yao. Basi mgeni wetu aweza kukaa nanyi darasani bila wasiwasi.

Lakini mtu akiwa mgonjwa, mambo hubadilika. Ugonjwa ukiwa wa kumlaza kitandani, hata kama si wa kufa, yaruhusiwa kumwomba asiye Myahudi afanye kazi inayohitajiwa. Na baridi kali nayo imewekwa pamoja na ugonjwa, hasa kwa watoto. Maisha yakiwa hatarini hakuna haja ya kumtafuta jirani: Myahudi mwenyewe na awashe moto, achemshe maji, akimbie. Maimonides alitaka kazi hiyo ifanywe na wakubwa wenye elimu, wala wasisite.

Ninyi wafugaji mtapenda hili. Ng'ombe hajui Jumamosi. Asipokamuliwa, kiwele hujaa na kumuuma. Kitabu cha sheria cha Yosef Karo, kilichopigwa chapa Venice mwaka 1565, chamruhusu Myahudi kumwambia asiye Myahudi amkamue, kwa kumhurumia mnyama. Maziwa yenyewe hayanywi siku hiyo.

Na mafundi je? Kibarua wa siku hawezi kufanyishwa kazi Jumamosi, kwa kuwa siku yake ni yako. Fundi wa mapatano ni mbali. Ukimpa viatu kabla ya Sabato, mkapatana bei, akavishona kwake saa apendayo yeye, huna neno. Kujenga nyumba mjini hakuruhusiwi hata kwa mapatano, maana wapita njia watadhani ni kibarua wako.

Sasa shikeni kalamu. Mgeni wetu alimpa fundi cherehani kitambaa Ijumaa mchana, akamwambia, "Bei tumepatana, ila Jumapili alfajiri lazima niivae kanzu hii." Je, ameishika Sabato yake? Andikeni sentensi tatu, kila mmoja kwa mkono wake, kisha msomeane.