Vya Kutazamwa Japani na Vya Kutazamwa Kwetu

Watu wa Kimamba, Kilosa na Mikumi huona wageni wakipita kwa gari na kwa garimoshi, nao huulizana: "Watu hawa wameacha makwao na kutumia fedha nyingi, ili watazame nini?" Swali hili ni jema. Leo twataka kulijibu kwa kuitazama kwanza nchi ya Japani, ambayo watu wake wamezoea tangu zamani kufunga safari kwa ajili ya kutazama tu. Kisha tutarudi kwetu, tuhesabu mali tuliyo nayo.

Kitu cha kwanza anachotaka kukiona mgeni wa Japani ni mlima Fuji. Urefu wake ni mita 3,776. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, waupita mbali. Lakini Wajapani wameuchora mlima wao, wameutungia mashairi, na wengi wameupanda kwa ibada. Mwaka 2013 ukaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, wala si kwa sababu ya urefu wake, bali kwa sababu ya heshima waliyoupa watu na kazi za sanaa zilizotokana nao. Basi twajifunza kwamba mahali hupata sifa kwa watu wanaopajua na kupasimulia. Mtu akisimama Kimamba uwandani na kuelekea magharibi, aiona milima ya Ukaguru na Rubeho. Je, mwanafunzi wetu akiulizwa na mgeni, aweza kumtajia vilima vile kwa majina na kumweleza habari zake? Kama hawezi, na awaulize wazee wangali hai.

Kitu cha pili ni maua. Katika majira ya kuchipua, Wajapani hukusanyika chini ya miti iitwayo sakura, wakala na kunywa huku wakiyatazama maua yake. Maua hayo hayadumu. Baada ya siku chache hupukutika, na ufupi huo ndio uwafanyao watu wayapende zaidi. Nasi Kimamba tunao mmea wenye tabia kama hiyo, ila tumeuzoea hata hatuutazami, nao ni mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Dr. Richard Hindorf, na mashamba yake yakaijaza nchi ya Kilosa. Hukaa miaka mingi ukitoa majani. Mwisho hutoa mlingoti mrefu kupita nyumba, huchanua mara moja tu, kisha hufa. Kwetu sisi ni kazi na kamba. Kwa mgeni asiyepata kuuona, mistari ya mkonge iliyonyoka hata milimani ni ajabu ya kutosha kumsimamisha njiani.

Kitu cha tatu ni wanyama. Katika mji wa Nara kuna paa zaidi ya elfu moja, si wa kufugwa, nao hutembea bustanini na barabarani kati ya watu. Tangu zamani wenyeji wamewahesabu kuwa wajumbe wa miungu, na mwaka 1957 serikali iliwaweka chini ya ulinzi wa sheria. Hata hivyo baadhi yao hugongwa na magari. Sisi tunayo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Katika mbuga ya Mkata hupatikana tembo, nyati, twiga, pundamilia, nyumbu na simba. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia yapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, hata abiria wa basi aweza kuona twiga bila kushuka. Lakini neema hiyo ina hatari yake. Dereva anayekwenda mbio usiku huua kwa dakika moja mnyama ambaye wageni elfu wangalimtazama. Matuta na vibao vya mwendo vimewekwa, lakini kibao hakimshiki dereva mkono. Abiria asemapo, "Bwana dereva, taratibu, hapa ni hifadhini," amefanya kazi ya mlinzi.

Kitu cha nne ni safari ya reli yenyewe. Wajapani walifungua reli yao ya mwendo kasi kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964. Reli yetu ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kimamba na Kilosa, ikaishia Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2024 garimoshi za umeme zilianza kuwachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa reli mpya, ambayo hupenya milima ya Kilosa kwa mahandaki. Reli ya zamani hufuata bonde la mto Mkondoa, na msafiri apitaye huko huona mandhari nzuri mno.

Lakini mto huohuo ni mkali. Mvua za mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 ziliufurisha, ukabomoa nyumba za watu wa Kilosa na kuichukua reli, safari zikakatika. Baadaye wataalamu wa shirika la JICA la Japani walikuja kuchunguza namna ya kuikinga reli kati ya Kilosa na Gulwe. Twajua wote kwamba mlima uliovuliwa miti hauzuii maji, na mchanga wake hushuka mpaka mtoni ukaujaza. Huko Japani kuna hekalu la Ise, ambalo hujengwa upya kila miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Kwa ajili ya kazi hiyo hupandwa miti ambayo mpandaji hataiona ikikatwa. Atakayeikata ni mjukuu au kitukuu. Nasi tukichoma miteremko ya Rubeho leo, nani atakayelipa? Ni mwenye nyumba aliye bondeni.

Basi mgeni akifika Kimamba, tumwonyeshe njia. Atazame mkonge na milima. Aende Kilosa auone mto na reli. Ashike barabara ya kusini mpaka Mikumi awaone wanyama. Kisha afuate njia ya Ifakara mpaka Mang'ula, kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Huko maporomoko ya Sanje huanguka mita 170 ndani ya msitu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo ni kweli, ila yana mpaka. Wageni wa Fuji walizidi, hata mwaka 2024 ikawekwa ada na hesabu ya watu wanaoruhusiwa kwa siku katika njia moja ya kupandia. Sisi hatujafika huko, na tunayo nafasi ya kujitengeneza mapema. Mwenye nyumba ya wageni aiweke safi. Muuza ndizi stesheni aseme bei moja kwa wote. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake Mikumi, wasiwe watu wanaoisikia hifadhi kwa wageni. Na kila mwenye shamba mlimani aache miti ukingoni mwa kijito. Mgeni hutazama siku moja akaenda zake. Sisi ndio tutakaokaa na kile kitakachobaki.